Kabla hujasema Ziwa Bogoria limekufa kwa sababu hukuona flamingo

MwanaLoboi
Wakuu, habari za humu.

Likizo za shule zikikaribia simu yangu haitulii, na swali ni lile lile: "Flamingo wapo?" Nikijibu kwamba wapo wachache, mtu ananishukuru kwa adabu halafu anapeleka familia kwingine. Mimi natembeza wageni huku Loboi, kwa hiyo mkisema navutia ngozi kwangu, sitabisha. Lakini kuna maneno yanazunguka kuhusu hili ziwa ambayo si kweli, na mengine ni kweli ila yanasemwa nusu nusu.

Kwa wasioifahamu: Bogoria iko Kaunti ya Baringo, kaskazini kidogo ya ikweta. Ni hifadhi tangu 1973, ukubwa wake kilomita za mraba 107 hivi pamoja na ziwa lenyewe. Inasimamiwa na serikali ya kaunti, kwa hiyo msiichanganye na Nakuru ambayo ni mbuga ya taifa. Mwaka 2001 iliingia kwenye orodha ya Ramsar, ile ya kimataifa ya ardhioevu muhimu, na 2011 UNESCO ikaiandika urithi wa dunia pamoja na Nakuru na Elementaita, maziwa matatu kwa mpigo.

Tuje kwa flamingo. Tunao wa aina mbili. Yule mkubwa ni mrefu, mweupe mweupe, mdomo wake wa waridi una ncha nyeusi, na kazi yake ni kuchokoa matope atafute vidudu. Huyo huwa hawi wengi. Wanaofanya ziwa ligeuke rangi ni flamingo wadogo, wenye mdomo wa damu ya mzee. Hao wanaishi kwa mwani unaoitwa spirulina. Mmoja mmoja huwezi kuuona kwa macho, lakini ukishamiri maji yanakuwa kijani kizito kama mlenda. Ndege anainamisha kichwa mpaka mdomo unageuka juu chini, ulimi unapiga pampu bila kupumzika, maji yanaingia mbele na kutoka pembeni, mwani unanaswa na vinyweleo vilivyopangana ndani ya mdomo. Hata ile rangi yake anaipata humo humo kwenye mwani. Vifaranga huzaliwa wa kijivu.

Mwani huo unataka maji ya magadi makali. Mvua zikizidi, maji yanazimuliwa, mwani unapungua, na flamingo hana sababu ya kukaa. Anaondoka usiku. Jioni umeacha kundi, asubuhi unakuta maji matupu. Anaweza kuwa yuko Nakuru, Elementaita, Magadi, au amevuka mpaka kwenda Natron au Manyara, Tanzania. Miaka mizuri walihesabiwa hapa zaidi ya milioni moja. Miaka mingine ni maelfu machache tu. Ziwa ni lile lile.

Ndiyo maana nasema: ukija kwa ajili ya flamingo peke yake, unacheza bahati nasibu. Ukija kwa ajili ya Bogoria, hutatoka mkono mtupu.

DogoWaNaks
Mzee umeeleza fiti, ila wacha nikupe upande wa mteja. Kuna kampuni moja ya kutembeza watu, jina nalihifadhi, tangazo lake lina picha ya Bogoria iliyojaa waridi mpaka kwenye milima. Tukalipa. Tukaamka alfajiri na watoto. Tukafika, tukaona maji. Yaani maji tu. Dereva anatuambia "labda wamelala." Saa sita mchana?

Mngekuwa mnasema ukweli mapema watu hawangechukia ziwa.

Kiazi Karai
"Labda wamelala" 😂😂😂 huyo dereva agombee ubunge 2027, ana kipaji.

MwanaLoboi
Dogo, hapo sina cha kubisha. Picha nyingi zinazozunguka zilipigwa kabla maji ya maziwa ya Bonde la Ufa, Bogoria ikiwemo, hayajapanda. Ukitumiwa tangazo, uliza jambo moja: picha hii ni ya lini? Asipojibu, umeshajibiwa. Halafu tafuta mtu yeyote anayekaa karibu na ziwa akuambie hali ya wiki hiyo hiyo. Ya mwezi uliopita haikusaidii.

Mwana wa Engaresero
Shikamoo mzee wetu wa Loboi, na salamu kwa wakuu wote.

Naomba niweke kumbukumbu sawa: hao ndege ni Watanzania. Kwenu wanakuja kula tu. Ziwa Natron ndilo sehemu pekee Afrika Mashariki ambapo flamingo wadogo wanazaliana kwa uhakika, na inakadiriwa robo tatu ya flamingo wadogo wote duniani wametotolewa pale. Mkiwaona Bogoria, muwaulize kitambulisho.

Sasa niache utani. Wanachagua Natron kwa sababu hakuna kiumbe anayeweza kuwafuata kule katikati. Maji yakipungua, magadi yanaganda yanakuwa ukoko, na juu yake wanafinyanga viota vya matope, kila kiota yai moja. Fisi hafiki, mbweha hafiki, na mtu hafiki vilevile. Mwaka 1954 mtaalamu wa ndege Leslie Brown alijaribu kutembea kwa miguu kwenda kwenye viota. Yale matope ya magadi yaliingia ndani ya viatu na kumuunguza miguu vibaya, akaishia kulazwa hospitali kwa wiki kadhaa. Sisi wa hapa Natron tukiona mgeni anavua viatu anataka picha kwenye ukoko, tunamkumbusha hiyo habari.

Tatizo ni kwamba wote wanategemea kitanda kimoja. Kuanzia 2006 kulikuwa na mpango wa kujenga kiwanda kikubwa cha magadi pale Natron. Zikapigwa kelele ndani na nje ya nchi, mwekezaji akajitoa 2008, ila hoja yenyewe imekuwa ikifufuka kila baada ya muda. Kikijengwa kiwanda kikavuruga maji, nyie wa Bogoria mtasubiri flamingo mpaka mchoke.

Mama Keremkerem
Mwana wa Engaresero, tusisahau kwamba wamewahi kujifungulia kwetu pia 🙂. Mwaka 1962 Natron ilifurika, wakahamia Ziwa Magadi upande wa Kenya wakataga kwa wingi sana. Kumbe magadi ya kule yakawa yanagandia miguuni mwa vifaranga mpaka yanakuwa pingu. Kifaranga anatembea anaburuta miguu mizito, mwisho anashindwa kabisa. Watu wakajitolea kuingia ndani na nyundo ndogo, wanagonga zile pingu moja moja, wakaokoa maelfu.

Mtu akiniuliza kama kweli binadamu anaweza kuwasaidia hawa ndege, hicho ndicho kisa ninachomwambia. Na wanafunzi wangu wanakipenda kuliko somo lolote la ikolojia.

Nyundo ya Haki
Nyote mnazunguka. Hakuna mvua ya kujaza maziwa namna hiyo. Bonde la Ufa linapasuka, maji yanatoka chini ya ardhi, serikali inajua na inanyamaza. Jiulizeni kwa nini ni maziwa ya Bonde la Ufa peke yake yaliyopanda.

Fundi Bwawa
Nyundo, kazi yangu ni maji, ngoja nikujibu hapo hapo kwenye "peke yake."

Maziwa ya Bonde la Ufa yalianza kupanda kuanzia 2010 hivi, yakapanda tena kwa kishindo 2019 na 2020. Sasa, Ziwa Victoria haliko kwenye sakafu ya hilo bonde, na lina mto unaolitoa maji, Nile. Hata hivyo Mei 2020 lilivunja rekodi yake ya kina iliyokuwa imekaa tangu 1964. Ardhi iliyopasuka Baringo haiwezi kujaza maji Kisumu na Mwanza. Mvua inaweza.

Angalia na kile kisa alichotupa Mama Keremkerem. Mwishoni mwa 1961 mvua zilikuwa za kupindukia Afrika Mashariki yote. Natron ikafurika, flamingo wakakimbilia Magadi 1962, Victoria ikafika kileleni 1964. Ni mnyororo mmoja.

Bogoria haina mto wa kutoka. Kinachoingia kwa mito na mvua kinatoka kwa jua peke yake. Mito kama Waseges ikileta zaidi ya kile jua linachoweza kunywa, lazima ziwa lipande. Ongeza miteremko iliyokatwa miti, udongo unashuka na maji. Ripoti ya serikali ya Kenya ya 2021 iliyachunguza hata hayo ya mitikisiko ya ardhi, lakini uzito mkubwa iliuweka kwenye mvua na matumizi ya ardhi.

Na kwa habari ya flamingo: 2024 ulitoka utafiti uliotumia picha za satelaiti za zaidi ya miaka 20 kwenye maziwa ya magadi ya Afrika Mashariki. Uligundua kwamba maji yanavyotanuka, mwani wa chakula unapungua, na hasara kubwa imekuwa kwenye yale maziwa muhimu ya Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Kwa hiyo Mzee Loboi, nakubaliana nawe kwamba wamehama. Lakini tusiifanye ionekane nyepesi. Ndege anahama akiwa na pa kuhamia. Maziwa yote yakizimuliwa kwa wakati mmoja, anahamia wapi?

Nyundo ya Haki
Ya Victoria sikuwa nimeifikiria hivyo. Ila serikali bado siiamini.

Kiazi Karai
Hapo kwenye sentensi ya pili tuko pamoja taifa zima 😂

MwanaLoboi
Fundi, umeuliza swali zito na sitajifanya nina jibu. Zamani Bogoria ndiyo ilikuwa hapo pa kuhamia. Nakuru ni bakuli la kina kifupi, likikauka au likijaa flamingo walikuwa wanakuja kwetu, kwa sababu ziwa letu ni refu kwenda chini na halibadiliki haraka. Sasa hata letu limeguswa.

Niwaeleze maji yalivyofanya huku. Geti kuu la Loboi pamoja na ofisi vilimezwa. Barabara ya kando ya ziwa nayo ikaenda. Migunga iliyokuwa ukingoni imesimama ndani ya maji, mikavu, myeupe kwa chumvi. Pale Loburu, mahali ambapo kila mtoto wa shule aliyewahi kuja Bogoria alichemshia yai, chemchemi nyingi za maji ya moto zilifunikwa. Nyingine utaziona tu kwa mapovu yanayopanda katikati ya ziwa. Wageni wanasikitikia mayai. Mimi nawasikitikia flamingo, maana kwenye vijito vya chemchemi na midomo ya mito ndipo walipokuwa wanakuja kunywa na kuoga chumvi itoke kwenye manyoya.

Kuna hofu nyingine ambayo watu wa mbali hawaijui. Ziwa Baringo liko kaskazini yetu, si mbali, na maji yake si ya chumvi, yana samaki na watu wanaoishi kwa huo uvuvi. Bogoria ni magadi. Maziwa haya yalivyokuwa yanatanuka yanasogeleana, watu wakaanza kuuliza itakuwaje yakikutana. Mvuvi wa Baringo hana utani na swali hilo.

MrithiWaSiracho
Nimesoma kimya kimya, sasa niingie.

Mnalizungumzia ziwa kama sinia la flamingo. Sisi Waendorois tulikuwa hapa kabla ya geti, kabla ya tiketi. Ng'ombe wetu walikuwa wanaletwa kulamba chumvi ukingoni, sherehe zetu zilikuwa hapa, na tunaamini roho za Waendorois wote ziko ndani ya ziwa hili hata kama mtu amezikwa mbali. Hifadhi ilipotangazwa 1973, wazee wetu waliondolewa. Walipelekwa kwenye ardhi kavu na mifugo ikafa.

Kesi ilienda mpaka Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na uamuzi ukatangazwa 2010: serikali itambue umiliki wetu, ituruhusu kufika ziwani bila vikwazo, itulipe fidia, na itugawie mapato yanayotokana na ziwa. Ni uamuzi unaofundishwa kwenye vyuo vya sheria duniani kote. Utekelezaji wake tunaujua sisi wenyewe umekwendaje.

Na si tiketi tu zinazoingiza hela. Miaka ya 1990 wanasayansi walichukua vijidudu kwenye maji yetu, vimeng'enya vyake vikaenda kutumika kwenye sabuni za kufulia na kupausha suruali za jinzi huko nje. Ilipofika 2004 KWS yenyewe, shirika la wanyamapori la Kenya, ikalalamika hadharani. Kwa hiyo ukivaa jinzi iliyopauka vizuri, kumbuka kuna watu Baringo wanaomba kisima.

Mwana wa Engaresero
Mkuu hii ya jinzi sikuwahi kuisikia. Heshima kwako.

DogoWaNaks
Hiyo ilikuwa inastahili uzi wake. Kweli pole sana, na wazee pia wapewe pole.

Turudi kwa ndege kidogo. Mzee alisema ukija kwa ajili ya Bogoria hutatoka mkono mtupu. Sawa, flamingo hawapo. Nitaona nini? Msiniambie swala.

Mama Keremkerem
Dogo, swala si wa kudharau, hasa akiwa tandala mkubwa. Bogoria ni moja ya sehemu chache Kenya unapoweza kumwona dume mwenye pembe zile za kujisokota, jioni, kwenye mawe ya mteremko. Lakini umeomba ndege.

Anzia kinamasi cha Loboi, upande wa kaskazini. Maji yake si ya chumvi, yamejaa matete, na dunia yake ni tofauti kabisa na ya ziwa. Humo kuna mdiria, kongoti, na yule ndege wa vidole virefu anayetembea juu ya majani ya maji bila kuzama. Ukivuka ukaenda ziwani, angalia kwanza ukingo wenye maji ya chini: msese wenye miguu mirefu myekundu, ndege mweupe na mweusi ambaye mdomo wake umepinda kwenda juu, bata wadogo wenye mdomo wa waridi, na kibisi wanaozama na kuibuka mahali usipotarajia. Kuanzia Oktoba mpaka Machi wanaongezeka wale wageni wa kutoka Ulaya na Asia waliokimbia baridi, vindege vya kahawia vinavyokimbia kwenye tope. Hivyo vinawatoa watu jasho kuvitambua, hata mimi navibishania na wenzangu. Kwenye migunga ya nyuma, hondohondo na keremkerem. Kwa jumla hifadhi imeshaandika zaidi ya aina 300.

Darubini hata ya bei rahisi inabadilisha safari yote. Wapeni watoto wairithishane, na mmoja aandike majina. Wanaanza kushindana, kelele ya "nataka soda" inaisha.

MwanaLoboi
Mama amemaliza karibu yote, ila amemwacha ninayempenda mimi: furukombe.

Kila mahali furukombe anajulikana kwa samaki. Bogoria haina samaki hata mmoja, magadi hayaruhusu. Basi wa hapa amegeuza kazi, anawinda flamingo. Anakaa kwenye mgunga mkavu ulio ndani ya maji. Akiwa tayari anaruka chini chini kuelekea kundi, tena bila haraka. Kundi zima linanyanyuka kwa makelele. Mara ya kwanza hamgusi mtu. Anapita tu, anatazama ni nani amechelewa kuruka, ni nani bawa lake haliko sawa. Anageuka, na safari hii anakwenda kwa mmoja huyo huyo. Akimdaka wanaanguka wote majini, maana mzigo ni mzito kuubeba hewani, anamburuta mpaka nchi kavu akipiga mbawa kama makasia. Hajaanza kunyonyoa vizuri, marabou, wale korongo wenye upara na mfuko shingoni, wameshatua na wanasogea hatua moja moja. Mara nyingine anawaachia nyama yote akaanza upya.

Na hili halihitaji flamingo laki tano. Kundi dogo linatosha, tena ukiwa na kundi dogo unaona vizuri zaidi nani anamfuata nani.

Kiazi Karai
Hao marabou nawajua. Tunafanya nao kazi ofisini.

DogoWaNaks
Sawa mzee, umenishawishi. Desemba nawarudisha watoto, safari hii bila kampuni. Nina gari dogo la kawaida. Litafika?

MwanaLoboi
Karibuni sana. Kutoka Nakuru shika barabara ya Mogotio, mtavuka ikweta hapo hapo, watoto wapige picha. Kabla hamjaingia Marigat kata kulia, lami inawafikisha Loboi. Ndani ya hifadhi ndipo pa kuuliza: njia mpya ni ya juu kwenye mawe, na mvua ikinyesha gari dogo litawapa kazi. Siku hiyo mkikuta hali mbaya acheni gari getini, kuna vijana wenye pikipiki na magari ya juu, mpatane bei kabla ya kupanda.

Toka Nakuru alfajiri. Kufikia saa nne joto la huku halichezi na mtu na ndege wengi wameingia kivulini. Beba maji zaidi ya unavyodhani, kofia, na viatu vya kufunika vidole, maana karibu na chemchemi ardhi ni nyembamba na chini yake ni maji ya moto. Watoto wasikimbie mbele ya mwenyeji hata kidogo.

Siku mbili kabla ya kuja andika hapa kwenye uzi, nitakwambia kundi liko upande gani kama lipo.

MrithiWaSiracho
Na Dogo, ukifika usiangalie ziwa tu. Karibu na geti kuna akina mama wetu wanauza asali ya huku. Nunua kwao.